Mita isiyobisha hodi

Katika mazungumzo ya barazani siku hizi, ukishapita bei ya unga na matokeo ya mpira, utakuta watu wanazozania mita ya stima. Mmoja atakwambia mita ya tokeni imemwokoa, maana hana tena bili ya kumtoa jasho mwisho wa mwezi. Mwenziwe atamrukia kwamba mita hiyo inakula pesa kama moto ulao makumbi makavu. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye aliyeshika gazeti, atawaambia nyote wawili mmepitwa na wakati: yaja mita nyingine, inayozungumza na ofisi yenyewe kwa yenyewe, usiku na mchana, wala haingoji mtu kuisoma. Basi je, mwenye nyumba akiletewa mita hiyo aikubali au aikatae?

Swali hilo nilifunga nalo safari mpaka Ukambani, kaunti za Makueni na Kitui, na sina budi nieleze kwa nini nilikwenda huko wala sikuishia Kisauni ama Likoni.

Sisi wa pwani ni wateja wa kale wa stima. Mnamo 1908 Mombasa ilikuwa tayari na kampuni yake ya umeme, chini ya mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliunganishwa na ile ya Nairobi ikawa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 iliitwa Kenya Power and Lighting, na tangu 2011 hujiita kwa ufupi Kenya Power. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambamo msoma mita alikuja akabisha hodi, wanawake wakajisitiri, akamulika kijitochi chini ya ngazi, akaandika, akaenda zake. Mwezi ukiisha ikaja karatasi. Kwa hiyo kichwani mwetu stima na bili ni kitu kimoja, na kila mita mpya tunaipima kwa ile ya zamani.

Mkaazi wa Mutomo au Kathonzweni hana kumbukumbu hizo. Wengi huko waliunganishwa baada ya 2015, ulipoanza mpango wa serikali ulioitwa Last Mile, uliopunguza ada ya kuunganishiwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio karibu na transfoma. Hao hawakupata kuijua bili. Walianza na tokeni siku ya kwanza. Na jirani zao ambao nyaya hazikuwafikia walianza na sola ya kulipia kwa simu. Nikaona kwamba kama kuna watu wanaoweza kunieleza maisha na mita za kisasa bila kuchanganya na chuki za zamani, ni wao.

Kutoka Mombasa si mbali hivyo. Ukifika Mtito Andei uko Makueni tayari, na kutoka Kibwezi siku hizi kuna lami inayovuka mto Athi mpaka Mutomo na Kitui mjini. Wazee wetu waliijua njia hiyo kwa miguu, ama tuseme Wakamba waliijua kuja kwetu. Katika karne ya 19 misafara yao ilishuka na pembe za ndovu hadi Mombasa, na mzungu Krapf alikuwa mgeni wa mkuu wao Kivoi huko Kitui alipouona mlima Kenya Desemba 1849. Pembe zilipofika mjini zilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35 hivi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mwenye pembe alisimama kando akitazama. Jambo hilo naomba msomaji alishike, kwani nilipokuwa Wote nililikumbuka zaidi ya mara moja.

Kwanza tutenganishe majina, maana watu huyachanganya. Mita ya tokeni haina akili ya ajabu. Unanunua kwa simu, unaletewa tarakimu 20, unazibonyeza. Tarakimu hizo zimefungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake, ndiyo sababu tokeni ya jirani haikufai hata mkiwa mmegawana ukuta. Ndani yake mna idadi ya yuniti na alama ya dakika ilipotolewa, na mita hukumbuka iliyokwisha kuimeza, kwa hiyo huwezi kuilisha mara mbili. Basi. Inasikia, lakini haisemi. Ile inayoitwa mita janja ndiyo inayosema: ina laini ya simu au redio ndani yake, hupeleka habari za matumizi ofisini kila baada ya muda mfupi, hupiga ukelele ikifunguliwa, na yaweza kuzimwa na mtu aliyekaa mbali asiyekujua. Kenya Power ilianza kuzifunga kwa viwanda na biashara kubwa. (Aliyetafsiri jina hilo sijui alifikiri nini. Kwa Mswahili, janja si sifa unayoitaka kwa mtu anayekupimia.)

Katika soko la Wote nilizungumza na mama mmoja mwenye duka la vyakula, mwenye friji moja na taa mbili. Nilimuuliza kama angependa arudishiwe, ama tuseme aletewe, bili ya mwisho wa mwezi. Akacheka. Alisema yeye hununua stima kama anavyowauzia watu mafuta ya kupikia, ya shilingi 20, ya shilingi 50. Akiwa na mia hununua ya mia. Siku asiyo nayo huizima friji na kuuza soda za moto. "Bili inamfaa mwenye mshahara," aliniambia. "Mimi mshahara wangu ni leo."

Ni kweli tupu, na hapa ndipo mita ya tokeni ilipoushinda ulimi wa wanaoilaani. Watu wetu wamenunua kwa kibaba tangu kale, vibaba vinne pishi moja, wala hakuna aliyeona haya kupeleka sahani dukani akapimiwa kibaba kimoja. Bili ilimlazimisha maskini akope mwezi mzima kisha alipe kwa mkupuo, na akikatiwa alipe na ada ya kurudishiwa. Tokeni imeirudisha stima kwenye kibaba.

Lakini kuna upande wa pili, nao niliuona mashambani zaidi ya mjini. Mkulima wa Kitui hapati fedha kila siku. Hutegemea ndengu, ambazo sisi twaziita pojo, na hizo hutegemea mvua za Oktoba hadi Desemba. Zikinyesha vizuri, mwanzo wa mwaka mfuko una kitu. Kufika Septemba nyumba nyingi zina waya juu ya bati, mita juu ya nguzo, na kandili mezani. Mzee mmoja karibu na Mutomo alinionyesha kijisanduku chake cha kubonyezea tarakimu kikiwa kimefunikwa kitambaa kama redio ya sikukuu. Alikuwa hajanunua kwa miezi miwili. Katika vitabu vya serikali mzee huyu anahesabiwa kuwa ana stima. Zamani mteja akikatiwa alikuja fundi na ngazi, mtaa ukaona, majirani wakaingilia kati. Siku hizi mtu hujikatia mwenyewe kimyakimya, wala hakuna anayejua isipokuwa watoto wake wanaosoma kwa kandili.

Mzee huyo alikuwa na lalamiko jingine ambalo hata mjini Mombasa ni wimbo: mbona mia ya leo si mia ya jana, na mbona mia yangu si mia ya jirani? Alidhani mita yake ina ugonjwa. Hesabu yenyewe ni hivi. Bei ya yuniti hutegemea wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu. Katika bei zilizotangazwa Aprili 2023, asiyepita yuniti 30 kwa mwezi alitozwa shilingi 12.22 kwa yuniti, na aliyepita 100 alitozwa 20.97, kabla ya kodi na ada. Juu yake huja gharama ya mafuta ya mitambo na ya kupanda kwa fedha za kigeni, ambazo hubadilika mwezi hadi mwezi, kisha asilimia 5 ya kupeleka stima mashambani, kisha kodi ya asilimia 16. Na mteja wa Last Mile aliyekubali kulipa zile 15,000 kidogo kidogo hukatwa deni hilo anaponunua tokeni. Ukijumlisha hayo utaona kwamba mia mbili zinazofanana haziwezi kuzaa yuniti sawa. Mita haikumwibia mzee. Kosa ni kwamba hakuna aliyeketi naye akamweleza, na risiti inayofika kwa simu imeandikwa kwa vifupisho ambavyo hata mimi, mtu wa kalamu, nilivifasiri kwa shida.

Hapo ndipo nilipozikumbuka zile pembe na ile mizani. Msomaji wa Kiislamu hahitaji kukumbushwa uzito wa jambo la vipimo. Sura nzima, ya 83, imepewa jina la wanaopunja. Lakini kibaba cha dukani nilikiona kwa macho. Nikikishuku nilikwenda duka la pili. Mita siwezi kuifungua, duka la pili halipo, na anayeuza ndiye mwenye mizani. Wala tusidhani kwamba mita ya zamani ilikuwa walii. Januari 2018 wakili Apollo Mboya alikwenda Mahakama Kuu kupinga bili za kurudi nyuma, ambazo jumla yake ilitajwa kuwa shilingi bilioni 10.1, na waliopiga kelele zaidi ni wateja wa bili, waliotozwa leo kwa stima waliyoichoma zamani. Mwenye tokeni angalau hujua kwamba alichokwisha kulipa kimekwisha.

Sasa nije kwenye mita inayosema. Wakamba wengi wasio na nyaya wamekwisha kuishi nayo, ingawa hawaiiti mita. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola ndogo za nyumbani kwa malipo ya siku: mteja alitoa malipo ya kwanza, kisha shilingi 40, baadaye 50, kila siku kwa M-Pesa kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na kile kisanduku kikawa chake. Ndani ya kisanduku mlikuwa na laini ya simu. Ulipolipa kilifunguka, usipolipa kilijifunga, ijapokuwa jua lilikuwa limewaka mchana kutwa juu ya bati lako. Mbinu hiyo imeigwa na wengine wengi. Nilimuuliza kijana mmoja wa Kitui mjini, fundi wa sola, kama watu hawakuona ajabu kufungiwa jua. Alisema waliona ajabu wiki ya kwanza. Baadaye walifanya hesabu ya mafuta ya taa, wakanyamaza.

Mwaka huohuo 2012 palikuwa na majaribio mawili mengine katika kaunti hizi hizi, ambayo sisi huku hatukuyasikia. Katika soko la Kitonyoni, Makueni, Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza kilisaidia kujenga mtambo wa sola wa kilowati 13.5, ukaendeshwa na ushirika wa wanakijiji wenyewe, ukawasha maduka, shule na zahanati. Na Ikisaya, upande wa mashariki wa Kitui, mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo uliweka kituo ambacho watu walikodi taa na kuchajia simu. Nayataja kwa sababu moja. Katika mipango ya namna hiyo aliyeshika mizani alikuwa mtu wa pale pale. Ukiona umepunjwa ulijua mlango wa kubisha, na jioni ulikutana naye njiani. Najua ushirika nao una fitina zake, na mwenye kukumbuka vyama vya ushirika vya korosho na nazi hatanibishia, ila fitina ya jirani ina mahali pa kuamuliwa.

Mita janja ya shirika kubwa ina faida ambazo sitazificha. Waya ukikatika usiku, ofisi itajua bila wewe kupiga simu mara kumi. Tokeni yaweza kwenda yenyewe, mzee asihangaike na tarakimu. Na tarakimu si mchezo: Novemba 24, 2024 mita zote za tokeni za mtindo huu duniani zilifikia mwisho wa hesabu yake ya dakika, iliyoanza Januari 1, 1993 na kujaa baada ya dakika zaidi ya milioni 16. Kila mteja alitakiwa kubonyeza kwanza mafungu mawili ya tarakimu 20 za kuifundisha mita upya, kisha fungu la tatu la tokeni yenyewe. Tarakimu 60! Huko Makueni niliambiwa kuhusu bibi aliyemngoja mjukuu wake arudi kutoka bweni ndipo taa iwake. Mita ya kusema na ofisi ingefundishwa kutoka mbali.

Lakini linalofundishwa kutoka mbali huzimwa kutoka mbali. Ndugu zetu wa Tanzania wanaijua LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia, kwa miaka mingi kabla yetu. Mwezi Mei 2021 mitambo ya kuuzia LUKU ilikwama kwa siku kadhaa, na watu wakakaa gizani fedha zikiwa mkononi. Na Uingereza, nchi ya mashirika yenye sheria nyingi, iligundulika mapema 2023 kwamba mawakala waliokuwa wakiifanyia kazi British Gas waliingia kwa nguvu katika nyumba za wenye madeni, wakiwemo wagonjwa, kuwafungia mita za malipo ya kabla. Wenye mita janja hawakuhitaji kuvunjiwa mlango, kwani mita yao iliweza kugeuzwa kwa kubonyeza kitufe ofisini. Mdhibiti wa huko akaamuru zoezi lisimame.

Kuna na hili la sitara. Msoma mita wa zamani alibisha hodi, akaona chini ya ngazi tu, mara moja kwa mwezi. Mita ya tokeni ilipopandishwa nguzoni ilimwondoa kabisa, na akina mama wengi wa kwetu walishukuru. Mita inayosema inarudi ndani kwa mlango mwingine. Anayesoma matumizi yako nusu saa kwa nusu saa anajua mnaamka saa ngapi kwa daku, nyumba ina watu au haina, mgeni amekuja, mmesafiri. Si mawazo ya wazee waoga. Baraza la Juu la bunge la Uholanzi lilikataa mwaka 2009 kuwalazimisha wananchi mita hizo kwa hoja hiyo hiyo ya siri ya nyumba. Sisi hapa tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayomtaka akusanyaye habari za mtu amweleze anazikusanyia nini. Babu zetu walijenga madaka mbele ya nyumba zao ili mgeni apokewe nje ya macho ya ndani. Sioni kwa nini shirika lisisimame dakani kidogo likaeleza shida yake.

Basi nikiulizwa kauli yangu nitasema: mwenye mita ya bili akiletewa ya tokeni, aikubali, khasa akiwa mtu wa riziki ya siku. Kuhusu ile inayosema, asiikatae kwa hofu ya jina, lakini asiisainie kabla ya kujibiwa habari zake zinakwenda kwa nani, na kabla ya kuzimwa kutoka mbali ataonywa vipi na kwa siku ngapi.

Na wakati tunazozania mita za shirika, nahofia tunalipita dhuluma kubwa bila kuliona. Kitui mjini, kama ilivyo Mtopanga, wapangaji wengi hawana mita ya Kenya Power kabisa. Mwenye nyumba anayo moja, na vyumba kumi amevifungia vijimita vyake mwenyewe, wengine vya tokeni za kampuni za kando zinazokata ada yake. Tazama hesabu inavyokwenda. Kila chumba kinatumia yuniti 20, ambazo peke yake zingestahili bei ya chini kabisa. Vyumba kumi vikipita katika mita moja ni yuniti 200, na mita hiyo inalipa bei ya juu. Kisha mwenye nyumba anaongeza yake. Mama muuza maharagwe anatozwa kama mwenye jumba la vipoza hewa, na mkononi ana risiti isiyo na jina la mtu.

Nilimkuta mpangaji mmoja kama huyo, kijana wa bodaboda, siku ambayo fundi alikuwa akibadilisha vijimita vya ploti nzima na kuweka vipya vyenye laini ya simu. Alimuuliza fundi kistaarabu, "Kaka, hiki kikinisoma nikiwa nimelala, mimi nitakisomea wapi?" Fundi aliendelea kukaza skrubu. Akamwambia amuulize mwenye nyumba, na mwenye nyumba, kijana akanieleza, yuko Nairobi na simu hapokei.